Jina la Mtoto wa Haturudi

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ya lini, palikuwa na shamba kubwa la mtama nyuma ya mji mmoja wa pwani. Jina la mwenye shamba silitaji. Nimepiga mswaki asubuhi, sitaki kuuchafua mdomo wangu bure. Yatosha mjue kwamba alikuwa na watumwa mia na ushei, na kila aliyemnunua alimvua jina alilokuja nalo, akamvika jingine. Wanaume aliwapa majina ya vito: Almasi, Feruzi, Marjani. Wanawake aliwapa majina ya viungo vya jikoni: Bizari, Iliki, Zafarani. Alijiona mcheshi huyo! Wageni wake walikuwa wakila, wakishiba, wakicheka.

Basi Zafarani ndiye ninayemsimulia. Aliletwa pale mdogo, meno ya utotoni hayajamtoka. Sauti ya mama yake akimwita aliikumbuka vizuri, ikitokea upande wa mtoni, lakini jina lenyewe lililoitwa lilikuwa limempotea. Akipalilia analitafuta, akitwanga analitafuta. Halikuja.

Akakua, akaolewa na Marjani, mpura mtama hodari, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Zafarani akashika mimba. Mwenye shamba alipopata habari alifurahi kuliko baba mtoto. Mnajua kwa nini? Ada ya enzi zile ilikuwa hii: mtoto wa mjakazi ni mali ya bwana wa mjakazi. Akizaliwa shambani huitwa mzalia, na bwana ndiye ampaye jina. Siku ileile akatangaza barazani, "Akiwa wa kiume, Yakuti. Akiwa wa kike, Kungumanga."

Kungumanga! Mtoto hata kucha hajaota, ana mwenyewe na ana jina la kitu cha kukunwa. Zafarani alirudi kwenye matuta machozi yanamtiririka, na Marjani akamfuata.

"Mke wangu, mtoto huyu hazaliwi hapa."

"Azaliwe wapi, mume wangu?"

"Haturudi."

Haturudi ulikuwa mji wa watoro. Ulikuwa mwendo wa siku mbili ndani ya pori, ng'ambo ya mto, nyuma ya ua wa miiba. Waliokaa huko walikuwa watumwa wa jana: Wayao, Wangindo, Wamakua, Wanyasa, kila mmoja na chale zake na nyimbo zake. Walilima mihogo yao. Na kila waliposikia msafara wa mateka unapita, wanaume walitoka na mapanga wakaenda kukata kamba. Kuwa huru peke yao hakukuwashibisha. Sheria zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ndiyo jina la mji: aliyevuka mto harudi nyuma. Ya pili: aliyevuka hulitupa jina la shambani majini, akajiita apendavyo.

Marjani akatangulia kuijua njia. Akamwambia mkewe, "Nikifika nitamtuma mtu. Usimfuate yeyote asiyetoka kwangu." Akaondoka. Mwezi ukapita, mwezi wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Tumbo la Zafarani likawa kubwa. Habari za Marjani hakuna.

Sasa mjueni na nokoa. Nokoa ni mtumwa aliyewekwa juu ya watumwa wenzake. Anaamka kabla yao, anapuliza pembe ya kuwatoa vibandani, anashika bakora, na kazi ikiharibika anapigwa yeye kwanza. Nokoa wa shamba lile alikuwa Feruzi, na pembe yake hakuivua shingoni miaka kumi na mitano. Mimba ilipokuwa ya miezi sita, Zafarani alikaa chini katikati ya tuta apumue. Bwana alikuwa anatazama kutoka barazani. Nokoa akaja, akampiga bakora tatu za mgongoni. Akaenda zake, na alama zikabaki.

Zafarani akimwona yule mtu tu, mgongo unamsisimka. Alimchukia. Nasema wazi, alimchukia.

Haya, tuvuke mto kidogo, turudi.

Marjani alifika Haturudi salama. Jina la shambani hakulitupa, alisema atalitupa siku mkewe atakapovuka, walitupe pamoja. Alijenga kibanda, akalima kipande cha mihogo, kisha wenzake wakaenda kukata kamba za msafara naye akaenda nao. Huko akapigwa risasi ya ubavu. Walimrudisha wakimbeba, akafa siku ya tatu mikononi mwa mkunga wa mji, Bi Namoyo. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mleteni mke wangu. Mtoto asizaliwe kule."

Wakakaa baraza. Akasimama Chilumba, kijana mrefu, mkata kamba kuwashinda wote, mwenye bunduki aina ya gobori aliyomnyang'anya mlinzi wa msafara. Akasema, "Marjani alikuwa ndugu yangu. Lakini mwanamke wa miezi minane hakimbii. Atatuletea bunduki mpaka mlangoni. Sisi hapa tuko ishirini na saba. Mtu mmoja, na mwingine wa tumboni, tuuze roho ishirini na saba? Mimi nasema hapana."

Wengi wakaitikia. Hata wewe ungeitikia, usinitolee macho.

Bi Namoyo akasimama. Aliingia ndani, akavua nguo yake ya rangi, akavaa kaniki chakavu, vazi la wajakazi. Akajitwika kapu, akatoka.

"Bibi! Sheria!" Chilumba akapiga kelele. "Aliyevuka harudi!"

"Sheria ikae hapo inisubiri," akasema mzee. "Nikija nitaisalimia."

Hiyo ilikuwa safari yake ya tano. Kila safari alirudi mashambani akaleta watu. Kila safari wazee walimgombeza mpaka sauti zikawakauka, kisha wakamwonyesha ugali waliomwekea.

Alifika shambani siku ya kupura mtama, vumbi limetanda, watu wanaimba. Akapita katikati yao na kapu lake. Nani alimtazama? Mjakazi mzee mwenye kaniki, nani humtazama usoni? Akamkuta Zafarani anapepeta.

"Mwanangu, nimetumwa na Marjani. Kesho Alhamisi tunaondoka."

Alhamisi na Ijumaa watumwa waliachiwa walime vipande vyao wenyewe, na hakuna aliyewaulizia.

Zafarani akamtazama. Akakumbuka wasia wa mumewe. "Bibi, kama umetoka kwake, mbona miezi mitatu kimya? Yu hai? Kama amekufa, mimi siendi popote. Nitakwenda kufanya nini porini peke yangu na tumbo hili? Bora nizae hapa penye watu ninaowajua."

Bi Namoyo akalitua kapu. Akasema, "Yu hai. Amekujengea kibanda, anakungoja mlangoni."

Alisema uongo, na macho hakuyapepesa. Zafarani akacheka kwa furaha, mara ya kwanza baada ya miezi mitatu.

Alhamisi asubuhi wakatoka na majembe begani, kama waendao kwenye vipande vyao. Walipofika tuta la mwisho, penye pori, wakamkuta nokoa ameketi chini njiani, anachonga mpini.

Nokoa akamtazama yule mzee. Akamtazama tena. "Bizari? Wewe si ulikufa miaka kumi na minne iliyopita?"

"Nilikufa," akasema Bi Namoyo. "Nimekuja kuwasalimia. Ukitaka kupiga pembe yako, ipige sasa. Mimi mtu mzima, sipendi kusubirishwa."

Nokoa hakuigusa pembe. Akamgeukia Zafarani. "Mgongo umepona?"

"Haujapona," Zafarani akamjibu, na sauti yake ilikuwa ya hasira, haikuwa ya woga.

Nokoa akainamisha kichwa. Kisha akaikunja miguu yake iliyoziba njia. "Piteni," akasema.

Walipozama porini, alikwenda moja kwa moja kwa bwana akamwambia, "Zafarani ameshikwa na ndui. Nimemfungia kwenye kibanda cha mwisho, na mzee mmoja wa kumwangalia." Ndui! Bwana alihamisha kiti chake kutoka barazani akakipeleka ndani. Siku tatu hapana aliyekikaribia kile kibanda. Siku ya nne mbuzi wa jirani akausukuma mlango kwa pembe, watu wakachungulia, kitupu. Nokoa akafungwa kwenye mti, akapigwa kwa bakora yake mwenyewe mpaka ikapasuka. Walipomfungua anywe maji, akawaponyoka, akaingia pori pale walipozama wale wawili.

Wakati huo Zafarani alikuwa ameshavuka mto. Alivuka huku akimtafuta mtu mmoja kwa macho, hata kulitupa jina lake la shambani akasahau. "Yuko wapi?" Watu wakainamisha vichwa. "Bibi, yuko wapi?" Bi Namoyo akamshika mkono, akampeleka nyuma ya kibanda kipya, penye fungu la udongo lililosimikwa mpini wa jembe.

Hapo Zafarani alilia kilio ambacho sitakiiga hapa. Tangu hapo hakusema na Bi Namoyo. Mzee alimkanda miguu kwa mafuta, akampikia uji, akamwekea mto wa majani chini ya kiuno. Zafarani alikandwa, alikunywa, alilalia, na hakumsemesha.

Siku ya nne nokoa akatokeza ng'ambo ya mto, mgongo umechanika, pembe shingoni, akaita, "Nilimwambia bwana Zafarani ana ndui, asitafutwe!" Watu wakainua mapanga. Hakuna mgongo pale Haturudi usiokuwa na alama ya bakora ya nokoa, huyu au mwenzake.

"Arudi alikotoka!" wakasema.

Zafarani alitoka kibandani akiwa ameshika kiuno. Alimtazama mgongo. Hakujua kama anachosikia ni huruma au ni kutosheka, na aliona haya kwa vyote viwili. Akasema, "Mwacheni aingie. Huyu ndiye aliyesema nina ndui."

Watu wakacheka bila kupenda. Nokoa akavuka. Katikati ya mto akasema kwa sauti, "Namtupa Feruzi. Mama yangu alikuwa akiniita Likwata." Kila mtu alisikia. Na tangu siku hiyo kila mtu akaendelea kumwita Nokoa.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea. Kesho yake, kumepambazuka tu, nokoa akaamka. Hajafumbua macho sawasawa. Miaka kumi na mitano mkono wake ulikuwa ukifanya jambo moja kila alfajiri. Mkono ukaishika pembe, mdomo ukapuliza. Puuu! Puuu! Puuu!

Na Haturudi nzima, watu huru, watu wa mapanga, watu walioapa, wakaruka vitandani, wakashika majembe, wakatoka nje, wakajipanga mstari.

Wakasimama. Wakatazamana. Zafarani naye na tumbo lake alikuwa mstarini, jembe begani. Bi Namoyo alikuwa mstarini. Chilumba, mkata kamba, alikuwa wa kwanza mstarini! Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Kikawa kicheko cha watu kushikana mabega, wengine wakaketi chini. Kisha kicheko kikakatika, na mama mmoja akaanza kulia. Mazoea yana tabu, jamani. Mazoea yana tabu kubwa.

Nokoa aliitupa pembe motoni, lakini sauti ilikuwa imeshakwenda. Wawindaji wa mwenye shamba, watu kumi na bunduki zao, walikuwa wamepotea porini siku mbili, wanajadiliana warudi nyumbani. Wakaisikia. Pembe ya shamba lao wenyewe! Wakageuza nyuso, wakaifuata.

Na wanaume wa Haturudi walikuwa wapi siku hiyo? Kumi na mmoja walikuwa wametoka tangu juzi kwenda njia ya misafara, na baruti yote wamekwenda nayo. Waliobaki ni wanawake, wazee, wagonjwa, na Chilumba aliyeachwa alinde mlango. Zafarani akahisi kiuno kinakatika. Maji yakamwagika miguuni. Uchungu umeanza.

Chilumba akasikia sauti za wawindaji ng'ambo, akachukua gobori lake. Bi Namoyo akamwuliza, "Mwanangu, lina baruti?"

"Halina hata ya kuwashia kiko, Bibi. Lakini wao hawajui."

Akaenda mtoni, kwenye kivuko, akajibanza nyuma ya mti. Wale kumi walipotokeza ng'ambo, akatoa mtutu. "Atakayetia mguu majini ni wangu!" Kisha akageuka nyuma, penye vichaka vitupu, akapaza sauti. "Ninyi wa kulia, msipige mpaka niseme! Wa kushoto, tulieni! Mzee Kaumba, mshike huyo kijana wako, ana haraka!" Mzee Kaumba hakuwako. Kijana wake hakuwako. Lakini wale kumi wakalala chini.

Jua likapanda. Wakimpigia risasi, anawacheka. Wakinyamaza, anawatukana, na matusi yake yalikuwa mazuri, nikiyataja hapa mtanifukuza. Risasi moja ikampata gotini. Hakupiga kelele. Alijifunga kwenye mti kwa nguo yake asianguke, akaendelea kuwaamrisha watu wasiokuwapo.

Nyuma ya ua Zafarani alikuwa akisukuma. Bi Namoyo magotini mbele yake. Nokoa alikuwa mlangoni, panga mkononi, amewapa mgongo kwa heshima. Zafarani katikati ya uchungu akamshika mzee bega. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu siku ya kaburi: "Bibi, usiniache."

"Niende wapi, mwanangu?"

Adhuhuri mtoto akalia. Wa kike. Na wakati uleule wanaume kumi na mmoja wakarudi kwa njia ya chini ya mto, wakawakuta wale wawindaji wamelala tumbo mbele ya mtu mmoja. Waliwakimbiza mpaka wakaacha viatu. Chilumba walimfungua kutoka mtini. Mguu haukupona. Wakaukata juu ya goti, na Bi Namoyo ndiye aliyemshika kichwa.

Huyo mtoto alikuwa wa kwanza kuzaliwa Haturudi. Wengine wote walikuja na majeraha yao na majina ya watu. Huyu alikuja mtupu. Kila asubuhi watu walipita kumtazama tu vidole, wakaenda kulima wakitabasamu.

Ikaja habari ya jina. Wazee wakakaa wakasema hivi: "Mama hampi mwanawe jina, keshampa maziwa. Jina humpa mtu mwingine, na atakayempa jina atakuwa mzazi wake wa pili. Mtoto atamwita mzazi. Atamtekea maji uzeeni. Siku akifa, mtoto atamlilia kwa jina." Na mtu asiye na ndugu duniani anajua uzito wa hilo la mwisho. Pale Haturudi hakuna aliyekuwa na wa kumlilia.

Mtu mmoja akauliza, "Kwa nini asipewe na wote?"

Mzee mmoja akajibu, "Shambani tulikuwa wa kila mtu. Huyu awe wa mtu wake."

Mwingine akasema, "Basi aitwe jina la baba yake, yaishe."

Zafarani akatikisa kichwa. "Marjani ni jina la aliyemnunua. La kwao hakuwahi kuniambia. Nami sikuwahi kumwuliza." Akafuta macho. Hilo lilimwuma kuliko yote.

Wakamwachia yeye achague mtoaji wa jina. Muda wake ulikuwa mpaka kitovu kidondoke.

Siku ya saba kitovu kikadondoka. Watu wakakusanyika uani, wengine wanamenya mihogo huku wanasikiliza. Watatu wakasogea mbele.

Bi Namoyo akasema, "Mimi nimezalisha watoto shambani hata hesabu imenipotea, na kila mmoja nilimpokea mikononi nikamkabidhi kwa bwana. Wangu mwenyewe wanne nilimkabidhi. Huyu ndiye wa kwanza niliyempokea nikamrudisha kwa mama yake. Nilivaa kaniki niliyoapa kutoivaa, nikavunja sheria. Bila miguu yangu hii mtoto angekuwa Kungumanga. Nipeni nimpe jina."

Chilumba akasema, amekaa juu ya kinu, kisiki cha mguu mbele, "Bibi alimleta mpaka mlangoni, kweli. Lakini mlango ulishikwa na nani? Kutoka alfajiri mpaka adhuhuri! Mguu wangu umezikwa pale kivukoni. Nusu yangu imetangulia kaburini, na nusu hii nani ataizika? Mimi nilichukuliwa kwetu sijui hata kutembea. Sina hata mtu wa kumkumbuka. Nipeni nimpe jina."

Nokoa akakohoa. Akasema taratibu, "Siku nne nilizowapa hawa wawili, Bibi na mama mtoto, nililipa kwa mgongo. Bila ndui yangu wangekamatwa kabla ya jua la kwanza kuzama. Nipeni nimpe jina."

Watu wakaguna. "Na pembe?" mmoja akapiga kelele. "Pembe aliipuliza nani?"

"Mimi," akasema nokoa.

Zafarani alikuwa amempakata mwanawe, anawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Wazee wangu, nawapenda. Siwafichi. Lakini nina neno na kila mmoja, nisipolisema litanikaba." Akamgeukia mzee. "Bibi, uliniambia Marjani yu hai. Nilitembea siku mbili nikimchagulia maneno ya kumwambia."

Bi Namoyo akasogea karibu. "Nilikudanganya," akasema, "na ningekudanganya tena kesho. Lakini usiku ulipokuwa unalia nilikuwa nje ya mlango wako, na kila kilio kilikuwa changu. Jina la mtoto lisitoke kwenye mdomo uliokudanganya. Mpe Chilumba."

Watu wakashangaa. Zafarani akamgeukia kijana. "Kaka Chilumba, nimesikia ulichosema barazani. Ulisema nisiletwe."

Chilumba akajikuna kichwa. "Nilisema. Na nilikuwa sahihi, dada yangu, bunduki si zilikuja?" Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akakitazama kisiki chake. "Pale mtini, nilipokaribia kuzimia, nilimsikia mtoto analia. Nikasema moyoni, huyu ndiye niliyemkatalia njia. Siwezi, dada. Mpe Bibi. Mimi nitamfundisha kutisha watu kwa gobori tupu."

Bi Namoyo akampiga kofi la upendo begani. Watu wakageuza macho, wote kwa pamoja, kwa nokoa. Walimngoja naye aseme mpe Bibi, mambo yaishe vizuri, waende wakale.

Zafarani akasema, "Na wewe ulinipiga, mtoto huyu akiwa ndani. Bakora tatu."

"Nilikupiga," akasema nokoa. "Tatu. Ya pili ilikuwa kali kuliko zote, bwana alikuwa amesimama. Na pembe niliipuliza mimi, na mguu wa Chilumba umekwenda kwa pumzi yangu. Yote ni kweli." "Hawa wawili wamejiondoa kwa uungwana. Mimi sijiondoi. Siwezi. Hawa wana majina yao, mnawaita, wanaitika. Mimi nililisema langu mtoni mkasikia wote, na hakuna mmoja aliyeniita kwalo. Siwalaumu. Nyuso zenu zinanikumbuka. Huyu mtoto peke yake ndiye hajui nilikuwa nani. Mpe nani umtakaye, mama. Lakini usiseme kwamba mimi sikumtaka."

Uani visu vya mihogo vikasimama.

Zafarani akamtazama Bi Namoyo, na moyo wake ukaenda kwa Bi Namoyo. Alimpenda, na bado alikuwa hajamsamehe. Akamtazama Chilumba na kile kisiki, moyo ukaenda kwa Chilumba, aliyemkataa kwa mdomo akamkubali kwa mguu. Akamtazama yule wa tatu, na mgongo wake ukasisimka kama siku zote, na machozi yakamtoka, na hakujua yanamtoka kwa ajili ya nani. Mtoto akapiga miayo. Zafarani akasimama, akamwinua mwanawe kwa mikono miwili ili ampeleke kwa mmoja. Hatua ni chache tu, ua wenyewe mdogo.

Haya, semeni! Mlikuwa mnanikatiza tangu mwanzo, sasa mbona mmefunga midomo? Mama ameshasimama, mtoto yuko mikononi, na jina ni moja. Aliyedanganya ili amlete, aliyemkataa kisha akamlinda, au aliyempiga kisha akamfungulia njia. Je, nani alistahili?